Ukubwa, Ukali na Saa: Kiswahili cha Kufuatilia Matetemeko ya Ardhi na Dhoruba za Jua, kwa Mfano wa Kirando

Siku ya Jumatatu, tarehe 5 Desemba 2005, saa tisa na dakika 19 alasiri, ardhi ilitetemeka chini ya Ziwa Tanganyika. Kitovu cha tetemeko hilo kilikuwa ziwani, si mbali na mji wa Kalemie, na ukubwa wake ulipimwa kuwa 6.8. Upande wa Kongo nyumba ziliporomoka na watu kadhaa wakapoteza maisha. Jijini Nairobi, umbali wa zaidi ya kilomita 900, wafanyakazi walitoka mbio maofisini. Kirando, mji mdogo wa ufukweni katika Wilaya ya Nkasi, uko kilomita zipatazo 160 kusini-mashariki ya kitovu hicho.

Katika orodha za kimataifa za matetemeko, saa ya tukio hilo imeandikwa 12:19. Hapo ndipo kazi ya mtaalamu wa lugha inapoanza. Saa za orodha hizo huhesabiwa kuanzia usiku wa manane wa Greenwich. Mfasiri anayezigeuza kuwa saa za Afrika Mashariki huongeza tatu, akapata 15:19. Kisha, ili aseme Kiswahili cha watu, hutoa sita, akapata saa tisa na dakika 19. Kwa mkato, angeweza kutoa tatu tu tangu mwanzo. Lakini mfasiri mwenye haraka huandika “saa kumi na mbili na dakika 19”, na kwa kalamu moja tetemeko la alasiri huwa la magharibi au la alfajiri. Kosa hili huonekana dogo mpaka mtafiti anapotaka kulinganisha habari iliyotolewa na mvuvi wa Kirando na alama iliyochorwa na mashine. Mvuvi atakuwa amesema kweli, nayo karatasi itamfanya aonekane mwongo.

Mhadhara huu unahusu jambo hilo: kwamba katika ufuatiliaji wa matetemeko ya ardhi, na wa misukosuko itokayo katika jua, lugha ya mashahidi ni chombo cha upimaji, na kwamba chombo hicho, kama vyombo vyote, huweza kuharibika kikitumiwa ovyo.

Kirando inafaa kuwa mfano kwa sababu ya mahali ilipo. Uwanda wa juu wa Ufipa umeinuka kati ya mabonde mawili. Magharibi yake ni bonde la Ziwa Tanganyika, ambalo kina chake kinafika meta 1,470. Mashariki ni bonde la Ziwa Rukwa, ziwa la maji ya kina kifupi. Yote mawili ni matawi ya Bonde la Ufa. Neno ufa hapa limebeba kazi mbili bila kulalamika: mstari mwembamba ukutani mwa nyumba ni ufa, na mpasuko wa bara zima ni ufa. Wahenga waliosema kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta hawakuwa na huu wa pili mawazoni. Juu ya uwanda wenyewe, si mbali na Sumbawanga, umepita ufa mrefu ambao wanajiolojia huuita Ufa wa Kanda, na mteremko wake huonekana kwa macho.

Tarehe 13 Desemba 1910, mchana, eneo hili lilipatwa na tetemeko ambalo ukubwa wake umekadiriwa kuwa 7.4, mojawapo ya makubwa kuliko yote yaliyorekodiwa Afrika Mashariki katika karne ya ishirini. Baadhi ya wataalamu hulihusisha na Ufa wa Kanda. Suala hilo lingali linajadiliwa. Mashine za kupimia za wakati huo zilikuwa chache na mbali mno, kiasi kwamba hazingeweza peke yake kuonyesha ardhi ilipasuka wapi. Nicholas Ambraseys wa London, aliyechapisha utafiti wake kuhusu tetemeko hili mwaka 1991, ilimbidi ategemee pia maelezo yaliyoandikwa na watu: nini kilianguka, wapi, na nani alihisi nini. Kwa maneno mengine, ramani ya tetemeko la 1910 kwa sehemu kubwa imechorwa kwa sentensi.

Sentensi hizo ni za nani? Wageni waliokuwa na ofisi, misheni na maduka ndio waliokuwa na sababu ya kuandika barua na taarifa. Wafipa walikuwapo kwa maelfu, na walihisi tetemeko lilelile, lakini ushahidi wao, pale unapopatikana, umepitia kinywani mwa mtu mwingine. Hata hivyo, ikumbukwe kwamba mwaka 1910 Kiswahili kilikuwa tayari na magazeti. Kiongozi lilikuwa likichapishwa Tanga, na mwaka huohuo wa 1910 yalianza Pwani na Bara na Rafiki Yangu. Magazeti hayo yalipokea barua na habari kutoka bara. Matoleo ya mwisho wa 1910 na ya miezi ya mwanzo ya 1911 yanastahili kusomwa upya, ukurasa kwa ukurasa, na mwanafunzi wa Kiswahili anayejua anachokitafuta. Anachokitafuta si neno “tetemeko” pekee. Ni vitenzi.

Kiswahili kina hazina ya vitenzi vya mtikisiko, na havilingani. Kitu kinachotetemeka hucheza upesiupesi mahali pake, kama mtu mwenye homa. Kinachotikisika kimeshikwa na nguvu ya nje. Kinachoyumba huenda huku na huku kwa mwendo wa taratibu, kama mtumbwi. Kinachosukwasukwa hakina hata nafasi ya kutulia kati ya msukumo mmoja na mwingine. Mtu aliyezoea kamusi za lugha mbili anaweza kudhani haya ni mapambo. Sivyo. Mawimbi ya tetemeko yanaposafiri mbali, mitikisiko yake ya haraka hufifia kwanza, na ile ya taratibu hudumu. Kwa hiyo aliye karibu na kitovu huelekea kuhisi ardhi ikimsukasuka kwa ghafla, na aliye mbali, hasa akiwa ghorofani, huhisi jengo likiyumba. Shahidi anayesema “nyumba iliyumba” na anayesema “nyumba ilisukwasukwa” wametoa vipimo viwili tofauti vya umbali, bila kujua. Mwandishi wa habari anayewasikiliza wote wawili kisha akaandika “wananchi walihisi tetemeko” ametupa vipimo vyote viwili jalalani.

Kuna tatizo jingine, nalo ni la istilahi. Vyombo vya habari huchanganya ukubwa, nguvu na ukali kana kwamba ni kitu kimoja. Sayansi inatofautisha mambo mawili. La kwanza ni kiasi cha tetemeko lenyewe, ambacho ni kimoja popote msikilizaji alipo. Charles Richter alibuni kipimo chake mwaka 1935, na ingawa wataalamu leo hutumia vipimo vilivyofuata, jina la Richter limebaki vinywani mwa watangazaji. La pili ni jinsi tetemeko lilivyohisika na kuharibu mahali fulani, na hilo hutofautiana kijiji kwa kijiji. Pendekezo linalotolewa hapa ni kwamba la kwanza liitwe ukubwa, la pili liitwe ukali, na neno nguvu liachwe kwa mazungumzo ya kawaida. Si suala la usafi wa lugha. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016 lilikuwa na ukubwa wa 5.9. Kwa hesabu ya karibu, lile la 1910 lilitoa nishati mara 180 zaidi. Hata hivyo tetemeko la Kagera liliua watu wasiopungua 17 na kubomoa maelfu ya nyumba katika Bukoba na wilaya jirani, kwa kuwa lilitokea karibu na makazi mengi ya matofali yasiyofungwa kwa nondo. Nyumba za miti na nyasi za Ufipa ya 1910 zilikuwa nyepesi na zenye kunepa. Mwananchi aliyeambiwa kuwa tetemeko fulani ni “dogo”, huku nyumba yake imelala chini, ana haki ya kuacha kumwamini mtangazaji.

Ukali hupimwa kwa ngazi kumi na mbili ambazo chanzo chake ni kazi ya Mwitaliano Giuseppe Mercalli ya mwaka 1902. Ngazi hizo zimeandikwa kwa macho ya Ulaya na Marekani: kengele ndogo za kanisa kulia zenyewe, saa za ukutani zenye timazi kusimama, dohani kuvunjika. Ukizitafsiri neno kwa neno ukazipeleka Kirando, utapata majibu ya hapana tupu, kwa sababu hakuna dohani ya kuvunjika. Kinachotakiwa ni kuziandika upya kutoka ndani ya nyumba ya Kirando. Je, maji yalimwagika kutoka ndoo iliyojaa? Sufuria zilidondoka kichanjani? Mabati yalilia? Pembe za nyumba ya matofali zilifunguka, au ni lipu tu iliyopukutika? Na kwa kuwa wavuvi wa dagaa na migebuka wako ziwani usiku, swali la kuamka usingizini haliwahusu. Waulizwe kama mtumbwi uligonga kana kwamba umepanda mwamba mahali pasipo na mwamba, maana hivyo ndivyo mabaharia wanavyoeleza tetemeko linalotokea chini ya maji. Swali moja kama hilo, likiulizwa vizuri kwenye mialo ya Tanzania na ya Kongo, lina faida ambayo si rahisi kuipata kwingine: ng’ambo zote mbili za ziwa hili zinasema Kiswahili, japo kwa lahaja mbalimbali, wakati taarifa za kitaalamu huandikwa zaidi kwa Kiingereza upande mmoja na Kifaransa upande wa pili.

Kuhusu nomino zenyewe, machache yanatosha. Biblia ya Kiswahili ilizoesha watu “tetemeko la nchi”; shule na redio zimeleta “tetemeko la ardhi”; na zilzala, kutoka Kiarabu, ambalo sauti zake zinajirudia kama kitu chenyewe, limebaki zaidi katika lugha ya dini na ya ushairi. Hakuna ugomvi kati yao.

Ugomvi uko angani. Jua hutoa upepo wa chembe zenye umeme, na mara kwa mara hulipuka. Mlipuko wa mwanga hufika duniani kwa dakika nane na huweza kuzima mawasiliano ya redio ya masafa mafupi upande ulio mchana. Wingu la chembe hufuata baada ya siku moja hadi tatu na kutikisa usumaku wa dunia. Hali hii yote Waingereza huiita kwa neno lao la mvua na jua. Mfasiri wa Kitanzania aliyeandika “hali ya hewa ya anga za juu” amepeleka hewa mahali pasipo na hewa. Akiikwepa kwa kusema “hali ya anga”, atamchanganya Mkenya, ambaye kwake hayo ndiyo maneno ya taarifa ya mvua ya kila jioni. “Hali ya anga za juu”, bila hewa, ina kasoro chache kuliko nyingine. Kwa upande wa “dhoruba ya jua”, neno limefaa kuliko waliolichagua walivyotambua: asili yake ya Kiarabu ni pigo, na wingu la jua linapoufikia usumaku wa dunia, kinachotokea ni pigo hasa.

Dhoruba ya tarehe 10 na 11 Mei 2024 ilifikia daraja la tano, la juu kabisa katika kipimo cha Marekani, kwa mara ya kwanza tangu 2003. Mianga ya ncha za dunia ilionekana hata katika nchi zisizoizoea. Kirando hakuna aliyepaswa kukodolea macho upande wa kaskazini. Athari katika ukanda wa ikweta ni za namna nyingine: tabaka la anga lenye umeme huvurugika, hasa baada ya jua kutua, na vifaa vinavyoonyesha mahali kwa satelaiti huweza kukosea. Kwa Afrika, kituo cha Hermanus, Afrika Kusini, hufuatilia hali hii usiku na mchana. Taarifa zake nazo hutumia saa za Greenwich, na mfasiri yuleyule wa haraka anazisubiri.

Limebaki neno utabiri. Kwa jua, neno hili ni halali: wingu likishatoka huonekana, na vyombo vilivyo kilomita milioni 1.5 kutoka duniani hulionja kabla halijafika. Kwa tetemeko la ardhi si halali. Hakuna anayeweza kutaja siku, saa na mahali. Kinachowezekana ni kueleza wapi pana hatari, na kwamba tetemeko kubwa hufuatwa na madogo. Wala haijathibitishwa kuwa dhoruba za jua huleta matetemeko, ingawa uvumi huyaunganisha kila mara mambo mawili yanapotokea katika juma moja. Sasa, Kiswahili humwita mtabiri yule wa Mamlaka ya Hali ya Hewa na yule anayepiga ramli. Siku ardhi inapotetemeka Ufipa, na mtu akazungusha ujumbe kwamba wataalamu “wametabiri” jingine saa nne usiku, watu hulala nje na watoto wao kwenye baridi ya uwanda. Mtangazaji wa redio anayetaka kuukanusha ujumbe huo anahitaji maneno mawili yaliyo tayari: utabiri kwa ajili ya jua na mvua, na tahadhari kwa ajili ya ardhi. Kisha aitaje saa kwa Kiswahili.