Makopo ya Kuondoa Mawazo

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Machakos)

Nimeombwa niseme juu ya yale makopo ambayo maagenti wanatuletea mpaka kwenye mikutano: ya usingizi, ya kutuliza mawazo, ya kurudisha furaha. Mvua ikikosa misimu miwili na karo haijalipwa, mawazo lazima yawe mengi. Simlaumu mtu anayetafuta nafuu. Taabu ni kwamba mtu hanunui kopo moja. Ananunua matatu, nyumbani ana vidonge vya hospitali, na usiku anaongeza Piriton ya dukani ili alale.

Agenti atasema, "Hii si dawa, ni mimea tu." Haya. Hata muguka ni mmea, na kazi yake tumeiona hapa hapa.

Ndani ya ubongo kuna kitu kinaitwa serotonini, ambacho kinahusika na furaha na usingizi. Makopo mengi ya furaha yanaiongeza. Soma karatasi ya kopo: ukiona 5-HTP, au St John's wort, ambayo pia huandikwa Hypericum, ujue ni hiyo kazi. Sasa, mgonjwa wa huzuni akipewa fluoxetine au amitriptyline hospitalini, nazo zinaongeza serotonini. Akichanganya, inaweza kuzidi. Mwili unatetemeka, jasho linatoka, moyo unaenda mbio, anaharisha, anapata homa, anachanganyikiwa. Mara nyingi huanza katika saa chache tu. Watu wa nyumbani watasema ni malaria, wengine watasema amerogwa, na huku mtu anaweza kufa. Mpelekeni hospitali mara moja, na makopo yote mkononi.

Hiyo St John's wort ina ubaya mwingine, nao hauonekani kwa macho. Inafanya ini lisage dawa nyingine upesi kabla hazijamaliza kazi. Mwaka 2014 wakuu wa dawa wa Uingereza walitoa onyo baada ya wanawake kupata mimba wakiwa na kijiti cha kupanga uzazi mkononi, kwa sababu walikuwa wakitumia mmea huu. Vidonge vya kupanga uzazi pia vinapungua nguvu. Na ARV vilevile, pamoja na dolutegravir ambayo wengi wanatumia siku hizi. Virusi vikipata nafasi hiyo, vinaweza kuizoea dawa. Hata ukiacha kopo, kazi yake mwilini huendelea kama wiki mbili.

Hapa ndipo moyo wangu huuma zaidi. Mama anayetumia ARV hawezi kumwambia agenti, kwa sababu agenti ni jirani. Na kliniki hamwambii nesi habari ya kopo, anaogopa kukemewa. Kwa hivyo hakuna mtu hata mmoja anayejua vitu vyote vilivyo tumboni mwake. Mwambie nesi, mama. Siri ya kliniki haitoki kliniki.

Vidonge vya madini, yaani chuma, kalsiamu, zinki na magnesiamu, navyo vinazuia dolutegravir isiingie mwilini vizuri. Kumeza dolutegravir saa mbili kabla yake, au saa sita baadaye, kunasaidia. Uliza upangiwe.

Za usingizi nitasema kwa ufupi: kopo la usingizi, Piriton na pombe havikai pamoja. Mtu wa bodaboda asijaribu kabisa.

Wengine wataniambia vitu vya kiwandani ni safi. Mwaka 1989 kule Marekani watu zaidi ya 1,500 waliugua na zaidi ya 30 wakafa kwa vidonge vya triptofani, vilivyouzwa bila cheti cha daktari kwa ajili ya usingizi na huzuni. Ugonjwa huo ulifuatwa mpaka kwa mtengenezaji mmoja wa Japani.

Ninaomba vikundi vifanye mambo mawili. Pesa za chama zisikopeshwe kununua makopo, na agenti asipewe nafasi ya kuuza katika mkutano. Anayetumia tayari asitupe dawa za hospitali ghafla, hiyo nayo ni hatari. Aweke kila kitu katika mfuko mmoja, kopo, kidonge, hata mizizi ya mganga, aende nao kliniki na kuumwaga juu ya meza ya nesi. Akiona haya kwenda peke yake, anijulishe, tutaenda pamoja.