Moto Ndani ya Nyumba: Vitu Vidogo Tulivyovisahau

Maneno ya timu ya uwanjani mbele ya mkutano wa wanachama, milima ya Masisi



Tulipotangaza kwamba leo tutasema juu ya moto, mama mmoja wa hapa alitucheka. Alisema: "Bana yangu, moto tulizaliwa nayo. Mutatufundisha nini?" Mama huyo iko na haki. Hatukuja kufundisha moto. Tumekuja kusema mahali tulikosea, na mambo ambayo ninyi wenyewe mlituonyesha kisha.

Mnakumbuka ginsi proje ya majiko ilianza. Familia zilikuwa zimetoka kambini pembeni ya Goma, zimefika huku juu, zaidi ya mita 2.000, mahali usiku wa mvua bulangeti moja haitoshi. Tulijenga majiko ya udongo na matofali, matundu mawili ya sufuria, na bomba la bati la kutoa moshi nje. Tukapiga picha, tukaandika ripoti, tukaenda. Tuliporudi baada ya miezi michache, majiko mengi yalikuwa baridi. Katika nyumba moja kuku alikuwa ametaga ndani.

Tuliuliza juu ya nini. Hakuna aliyesema jiko ni baya. Mmoja alisema: nikitaka kusogeza kaa la moto naungua vidole. Mwingine: bomba limejaa masizi, moshi unarudi. Mwingine tena: kuni ni mbichi, haziwaki. Basi usiku baridi ikikaza, watu walirudia mbabula ya makala na kuiingiza chumbani.

Hapo ndipo hatari ilikuwa. Usiku mmoja wa mvua, familia moja ilifunga mlango na dirisha, ikaziba kwa nguo kila mahali upepo unapita, mbabula ikiwa katikati ya waliolala. Usiku mkubwa mama aliamka akasikia mtoto anatapika. Kichwa chake mwenyewe kilikuwa kinamuuma sana na miguu haimbebi. Alitambaa mpaka mlangoni, akafungua. Wote walipona, tunamshukuru Mungu. Lakini asubuhi watu walikuwa wameanza kusema ni sumu, tena walikuwa wanataja jina la jirani, mmoja wa wale waliobaki hapa wakati wengine walikimbia. Ilibaki kidogo tu vijana waende kwake na fimbo.

Sumu ilikuwako, ni kweli, lakini jirani hakuwa na neno ndani yake. Makala yakiwaka mahali hewa haiingii, yanatoa gesi ambayo haina harufu wala rangi, wala haikoozeshi kama moshi. Wataalamu wanaiita monoksidi ya kaboni. Inashika damu mahali pa hewa safi. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika, usingizi mzito. Kama watu wa nyumba moja wanaamka wote na dalili hizo, na mbabula ililala nao, fungueni mlango, toeni watu nje, pelekeni kituo cha afya. Kabla ya kutaja jina la mtu, mtaje mbabula.

Sasa tuje kwa vitu vidogo. Tunavitaja moja moja, maana hivi ndivyo tulivisahau.

Kwanza ni kibanio cha chuma na kijiti cha chuma cha kuchokolea moto. Fundi chuma wa soko anavitengeneza kutoka nondo za zamani. Mpini uwe mrefu, ili mkono ubaki mbali na mlango wa jiko na nguo ya mama isiguse moto.

Pili, wavu wa chuma chini ya kuni. Moto unapumua kutoka chini. Kuni zikilala juu ya majivu zinafuka tu. Wavu ukiwekwa, hewa inapita, moto unakuwa mkali, moshi unapunguka.

Tatu, ndoo ya chuma yenye kifuniko, juu ya majivu. Hapa tuwe na akili, maana nyumba zetu ni za mbao. Majivu yanaonekana yamekufa, kumbe kaa limejificha ndani, linaweza kukaa na moto siku moja, mbili, hata zaidi. Msiyaweke katika mfuko, wala katika ndoo ya plastiki, wala pembeni ya ukuta. Ndoo ikae nje, juu ya jiwe. Yakipoa kabisa, yanafaa kwa choo kupunguza harufu, na kwa shamba, lakini kidogo kidogo.

Ine, brashi ya bomba. Hatukununua ya dukani. Mzee mmoja wa hapa alifunga kipande cha gunia gumu kwenye waya, akaingiza juu, akavuta chini. Tulipoona, tuliacha kutafuta nyingine. Safisheni kila mwezi, jiko likiwa limepoa. Masizi mengi ndani ya bomba yanaweza kushika moto. Tena bomba lisiguse mbao wala dari. Mahali linapopita ukutani, kateni tundu kubwa, wekeni bati, na mzunguke kwa udongo.

Tano, ndoo ya mchanga au ya maji karibu na mlango. Maneno yake ni mafupi: iwe imejaa kila jioni.

Na kwa ajili ya kitanda? Watu wanatuuliza, kama mbabula inakatazwa, tulale na nini. Zimeni moto wa jiko kwa utaratibu, yaani acheni kuni zimalizike zenyewe, na bomba libaki wazi. Udongo unashika joto masaa mengi. Mkitaka zaidi, pasheni jiwe kavu juu ya jiko, mlifunge katika nguo nzito, mliweke miguuni pa watoto. Lakini lisiwe jiwe la mtoni, maana maji yaliyo ndani yake yanaweza kulipasua motoni.

Kitu cha mwisho, tena kikubwa kuliko vyote, ni kuni kavu. Kuni mbichi inatumia moto wake kukausha maji yake kwanza. Ndiyo sababu mama anachoma mzigo mzima na maharagi bado ni magumu. Mkaratusi uliokatwa leo unataka miezi sita au zaidi. Upasueni mapema, mpange juu ya mawe ili usiguse udongo, mfunike juu kwa bati, pembeni muache wazi upepo upite. Gonganisheni vipande viwili: kikavu kinalia kwa sauti safi, kibichi kinajibu kwa sauti nzito. Kuni kavu, na maharagi yaliyolowekwa tangu jana yake, vinapunguza safari za msituni. Ninyi wamama mnajua njia hizo, hatuna lazima ya kueleza kinachopatikana huko.

Kupasua kunataka shoka, kabari ya chuma, na tupa ya kunoa. Kila nyumba haiwezi kuvinunua. Lakini kilima cha juu kilifanya hivi: nyumba kumi zilichanga sawa tunavyochanga katika aveki, zikanunua shoka moja, kabari mbili, tupa moja. Nyumba tano ni za waliorudi, tano ni za waliobaki. Waliobaki wana miti, waliorudi wana mikono ya vijana. Matawi yanakatwa pamoja na kugawanywa, na mkaratusi unaokatwa vizuri unachipuka tena. Yule jirani ambaye jina lake lilitajwa, leo shoka linalala kwake, na yule mama anatuma mtoto kwenda kulichukua.

Kwa wafadhili wetu tunasema bila kuficha: katika ripoti ya kwanza tulihesabu majiko yaliyojengwa. Tangu sasa tutahesabu majiko yanayowaka. Tunaomba kila jiko lije na kibanio, wavu na ndoo ya majivu, hata kama kwa feza ileile tutajenga majiko machache. Na vitengenezwe na mafundi wa hapa, ili kikivunjika mtu ajue mlango wa kubisha.

Kwa wanachama tunaomba mambo mawili. Kila kikundi cha nyumba kumi kichague mtu wa kukagua mabomba, mara moja kwa mwezi. Na leo jioni, kabla ya kufunga mlango, kila mtu atoe mbabula nje.

Mama aliyetucheka tumemuona ameketi mbele. Kama tumesahau kitu tena, atatuambia.