Majani Msiyachome, Yana Kazi Udongoni

(Mazungumzo kwa kikundi cha miti na bustani, Ziwani)



Wengi mnakumbuka ile miche tuliyopanda hapa kanisani. Tuliimwagilia maji, tukaiombea, na bado ikakauka. Wengine walisema ni mbuzi. Lakini hebu tuseme ukweli: kila Jumamosi tulifagia majani yote, tukayachoma nyuma ya jikoni, na uwanja ukabaki safi kama sakafu. Ukawa mgumu kama sakafu pia. Ukimwaga maji yanateleza tu mpaka mtaroni.

Basi tukaenda Karura kuona msitu unafanyaje. Msitu ule wa hekta kama 1,000 nusura ugawanywe viwanja. Januari 1999 Profesa Wangari Maathai na wenzake walipigwa walipokwenda kupanda miti pale. Humo ndani hakuna anayefagia wala kuweka mbolea. Ukisukuma majani makavu kwa mguu, chini kuna mengine yameoza nusu, na chini zaidi ni udongo ambao kidole kinaingia bila taabu.

Kazi yenyewe ni hivi. Mchwa, jongoo na nyungunyungu wanakatakata majani. Ukungu na vijidudu visivyoonekana kwa macho vinamalizia, na katika kula kwao vinatoa utelezi kama gundi. Nyuzi za ukungu nazo zinafunga chembe za udongo pamoja. Udongo unakuwa vibonge vidogo vidogo vyenye nafasi kati yao, na hapo ndipo maji yanapopita na mizizi inapopata hewa. Majani yakikosekana, gundi inaisha. Matone ya mvua yanavunja vibonge, vumbi laini linaziba nafasi, juu panakuwa ganda.

Mtasema udongo wa Karura ni mwekundu na wetu huku Eastlands ni mweusi wa kunata, si haki kulinganisha. Kweli. Ndiyo maana tulichukua mabonge mawili hapa hapa, moja katikati ya uwanja, lingine chini ya kayaba ambako fagio halifiki. Tukayakausha juani, tukayatia kwenye glasi za maji. La uwanjani lilimomonyoka kabla hatujamaliza ubeti mmoja wa wimbo. La chini ya kayaba lilikaa. Jaribuni nyumbani, watoto watafurahi.

Akina mama wameuliza juu ya panya. Panya hujificha kwenye rundo lililoachwa bila kuguswa. Sisi tutatandaza tu, unene wa vidole vitatu, mbali kidogo na shina, tukiondoa plastiki kwanza. Na msitazamie mambo ya wiki moja: mahali palipokanyagwa miaka yote hii patachukua misimu kadhaa.

Jumamosi saa tatu tukutane na mafagio na magunia. Kiberiti kibaki nyumbani.