Mafua na Homa ya Mafua



Huko Pipeline, Nairobi, katika majumba marefu yaliyosongamana hata vyumba vingi havipati jua, ifikapo baridi ya Juni na Julai kila apigaye chafya husemwa ana "homa". Neno hilo moja hufunika maradhi mawili, na hapo ndipo ilipo hatari.

Mafua huja polepole: koo huwasha, pua hutoka maji, naye mgonjwa aweza kwenda kazini, ijapokuwa kwa uzito. Homa ya mafua humwangusha mtu kwa ghafula. Asubuhi yu mzima. Jioni mwili wawaka moto, viungo vyote vyauma, hata chai haitamaniki. Mwaka 1918 iliingia kwa njia ya Mombasa, ikaua maelfu ya watu.

Yote mawili huletwa na virusi, kwa hiyo vidonge vya antibiotiki haviyaponyi. Maji ya kunywa, mapumziko na dirisha wazi hufaa. Lakini mtoto mchanga, mzee au mja mzito akihema kwa shida, apelekwe hospitali siku ile ile. Na mwenye homa kali aliyerudi karibuni kutoka Kisumu au Busia, apimwe malaria kwanza.