Daftari la Shukrani



Ndugu wapenzi, ninyi mnaotusikiliza huko Kabare, Walungu, Kalehe na kisiwani Idjwi, somo letu la leo lahusu kazi ndogo ya jioni.

Katika Injili ya Mtakatifu Luka twasimuliwa habari za wakoma kumi walioponywa na Bwana. Mmoja tu alirudi kushukuru, naye alikuwa Msamaria, yaani mgeni. Injili haituambii kwa nini wale tisa hawakurudi. Mimi nadhani walisahau tu, kwa haraka ya kwenda zao. Na dawa ya kusahau twaijua sote: ni kuandika. Mama anayeuza sambaza sokoni huandika deni la mteja, lisije likapotea. Mbona basi twaandika tunayodai, na tuliyopewa twayaacha yapotee?

Jambo hili si geni katika Kanisa. Mtakatifu Inyasi wa Loyola, katika kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho kilichopigwa chapa mwaka 1548, alifundisha kuchunguza dhamiri kwa hatua tano. Wengi hudhani hatua ya kwanza ni kuhesabu dhambi. Sivyo. Ya kwanza ni kumshukuru Mungu kwa mema tuliyopokea. Dhambi zafuata baadaye. Wajesuiti wafundishwa kufanya uchunguzi huo kila siku, nasi hapa Bukavu twawajua: Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, aliyeuawa katika mji huu tarehe 29 Oktoba 1996, alikuwa mmoja wao.

Sasa, namna ya kufanya. Kaye ya shule yatosha. Jioni, kabla ya sala, andika tarehe na mistari miwili au mitatu. Usiandike, «Asante kwa kila kitu.» Maneno hayo ni mepesi mno, na baada ya siku tano utachoka nayo. Andika jambo lenyewe: nani alikusaidia kubeba mzigo wa mihogo, mvua ilinyesha saa ngapi, mtoto aliyekuwa na homa alikula nini. Mtaje mtu kwa jina, maana Mungu hutumia mikono ya watu, na kesho waweza kwenda kumshukuru mtu huyo mlangoni pake. Wala usifanye kama yule Mfarisayo hekaluni, aliyeshukuru kwa kuwa yeye si kama wengine. Ukikosa siku moja, usijaze uongo. Endelea na siku iliyopo.

Asiyejua kuandika amwambie mtoto wa shule amwandikie. Au atie punje ya maharage katika chupa kila jioni, akitaja neno lake kwa sauti, na Jumamosi azimwage na kuzikumbuka moja moja. Wazee wetu wa kike wana kumbukumbu kuliko sisi wenye kalamu.

Lakini mama mmoja aweza kuuliza: «Mwalimu, mume wangu amekufa, na shamba nimeliacha kwa sababu ya vita. Niandike nini?» Swali hilo ni la haki, tena katika Kivu yetu, iliyoona vita mara nyingi tangu mwaka 1996. Mama, usiandike asante kwa ajili ya kifo, wala kwa ajili ya vita. Kanisa halikufundishi kuuita ubaya wema. Mtazame Bwana Yesu huko Betania, katika Injili ya Mtakatifu Yohane. Alilia kwa ajili ya rafiki yake Lazaro. Kisha, penye kaburi lile lile, akainua macho akamshukuru Baba. Machozi hayakuzuia shukrani, wala shukrani haikuyakemea machozi. Basi andika yote mawili: «Leo nimelia. Jirani ameniletea maji.» Yote ni kweli, na Mungu hataki daftari la uongo. Na ikiwa jioni fulani huoni neno lolote la kushukuru, andika tarehe peke yake, ufunge.

Kazi ya juma hili: andikeni jioni sita, tangu kesho Jumatatu hadi Jumamosi. Jumapili mje na daftari kwenye Misa takatifu. Hatalisoma mtu, si katekista, si padri. Neno Ekaristi katika Kiyunani maana yake ni shukrani. Padri anapotoa mkate na divai, nanyi mtoe moyoni ile mistari yenu, hata kama ni miwili tu.