MAZUNGUMZO BAADA YA HABARI: MTOTO WA KULELEWA NA MASOMO YAKE

Wasikilizaji wetu wapenzi, na hasa ninyi maofisa na askari wa jeshi na wa polisi mlioko katika kambi za Jinja na Mbale, leo tutazungumza juu ya mtoto alalaye chini ya paa lako na kukuita baba, ilhali hukumzaa.

Muhula wa kwanza unapofunguliwa kila mwaka, barabara itokayo Kampala kupita Jinja hadi Mbale hujaa watoto na masanduku yao ya bati. Miongoni mwao wamo wengi ambao sanduku hilo limenunuliwa na mjomba, na shangazi, na nyanya aliyeuza kuku wake, au na sajini wa jeshi ambaye mshahara wake tayari una watoto watano wa kuzaa. Wamo pia wale ambao hawamo barabarani kabisa siku hiyo, kwa sababu mwenye nyumba alihesabu fedha zake, akaona kwamba zitatosha watoto wake peke yake. Mtoto huyo wa pili ndiye tunayemwangalia leo.

Katika nchi yetu, kulea mtoto wa mwingine si jambo lililoletwa na serikali. Busoga, Bugisu, Teso na kwingineko, mtoto aliyefiwa huchukuliwa na ukoo hata kabla ya matanga kwisha, na mara nyingi hapana karatasi iliyoandikwa wala afisa aliyeulizwa. Desturi hiyo ndiyo iliyoliokoa taifa katika miaka ya 1980 na 1990, wakati vita na maradhi ya UKIMWI vilipowaacha watoto wengi bila wazazi. Mwaka 1986 kiliundwa chama cha UWESO, cha akina mama wa kuwaokoa mayatima, na mwaka 1987 likaanzishwa shirika la TASO la kuwahudumia wenye virusi, ambalo baadaye lilifungua vituo vyake Jinja na Mbale. Hata hivyo mzigo mkubwa haukubebwa na chama wala shirika. Ulibebwa na nyanya, na shangazi, na kaka mkubwa aliyeacha shule ili wadogo zake wasome.

Serikali nayo ilitunga sheria. Katiba ya mwaka 1995, katika kifungu chake cha 34, yasema kwamba mtoto ana haki ya kupata elimu ya msingi, na kwamba sheria itawapa mayatima ulinzi wa pekee. Sheria ya Watoto, iliyotungwa mwaka 1996 na kurekebishwa mwaka 2016, yaenda mbali zaidi. Yasema kuwa wajibu wa kumtunza mtoto, na wa kumpatia elimu, chakula, mavazi, makao na matibabu, ni wa mzazi, au mlezi, au mtu yeyote ambaye mtoto yumo mikononi mwake. Tafadhali, ndugu askari, yashike maneno hayo: mtu yeyote. Anayemchukua mtoto wa marehemu ndugu yake kisha akamfanya mchungaji wa mbuzi wakati wenzake wako darasani, hawezi kujitetea kwamba hakumzaa. Sheria haikumwuliza swali hilo.

Sasa tutazame jinsi mtoto wa kulelewa anavyobaki nyuma, maana habaki nyuma kwa siku moja. Huanza kwa chakula cha mchana. Tangu mwaka 1997, elimu ya msingi kwa wote ilipoanzishwa na wanafunzi wakaongezeka kutoka kama milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5, wengi wetu tumezoea kusema kwamba shule ni ya bure. Lakini Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 iliacha chakula na mavazi ya mwanafunzi mikononi mwa wazazi na walezi. Basi uji wa shuleni hulipiwa, sare hununuliwa, na madaftari pia. Mama mwenye vikombe vitatu vya mahindi na watoto sita atawagawia nani kwanza? Hatumlaumu. Ila ukweli ni kwamba yule aliyekuja mwisho nyumbani ndiye aghalabu hupewa mwisho, naye mchana hukaa chini ya mwembe huku wenzake wakinywa uji, na alasiri haelewi hesabu zilizoandikwa ubaoni. Mwalimu humwita mvivu.

Halafu huja kuhamahama. Muhula huu yuko kwa shangazi Walukuba, muhula ujao kwa mjomba Iganga, na baada ya mwaka yuko kwa nyanya mlimani. Kila shule mpya yataka sare mpya na kila mwalimu mpya yuko ukurasa mwingine wa kitabu. Hatimaye mtoto wa miaka kumi na minne anakaa darasa la nne pamoja na watoto wa miaka tisa, naye aona haya. Na pale Busoga, aonaye haya darasani ana mahali pa kwenda: mashamba ya miwa yako karibu, na yuko mtu wa kumlipa fedha kidogo kwa siku moja ya kukata au kupakia. Hapana shule iwezayo kushindana na fedha ya leo ikiwa nyumbani hakuna mtu anayemwambia mtoto yule arudi.

Shule zilipofungwa mwezi wa Machi 2020 kwa ajili ya maradhi ya korona, hazikufunguliwa zote mpaka tarehe 10 Januari 2022. Ilikuwa karibu miaka miwili. Mtoto mwenye mzazi wa kumsukuma alirudi kwa shida. Mtoto asiye na mtu wa kumsukuma, wengi wao hawakurudi.

Upande wa Mbale ndiko mambo haya yanapoonekana waziwazi zaidi, kwa sababu Mlima Elgon huzaa mayatima kwa usiku mmoja. Tarehe 1 Machi 2010, ardhi iliporomoka huko Nametsi, wilaya ya Bududa, ikafukia mamia ya watu. Mwezi wa Oktoba 2018, Bukalasi katika wilaya ile ile ilipatwa tena. Mwishoni mwa Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika ikaingia mjini Mbale kwenyewe na kuua watu, na Novemba 2024 ikawa zamu ya Bulambuli. Kila mara wanajeshi na polisi ndio waliotumwa kuchimbua matope. Wengi wenu mnaonisikiliza mlikuwako, na mlibeba watoto mabegani. Nchi iliwapigia makofi, na mlistahili. Lakini msaada wa blanketi na unga huisha baada ya wiki kadhaa, na baada ya hapo mtoto aliyeokolewa huhitaji miaka saba ya shule ya msingi, na minne, na pengine sita ya sekondari. Kazi hiyo haina picha gazetini.

Hapa niseme neno moja juu ya ndugu zetu Wagisu, nao hawatakasirika, kwa maana ni neno la sifa. Katika kila mwaka wa shufwa, Imbalu inapozinduliwa pale Mutoto mwezi wa Agosti, yatima hakosi watu wa kumsimamia. Ukoo hukutana, baba wadogo huchanga, mtama hupatikana wa pombe, na kijana husimama mbele ya kisu akiwa na jamaa nyuma yake. Ukoo uwezao kukutana kwa ajili ya siku moja ile waweza pia kukutana mara moja kwa mwaka, mwezi wa Januari, ukauliza: mtoto wa marehemu yuko darasa gani, na nani atalipa nini? Nimesikia kwamba ziko koo zinazofanya hivyo, na yafaa zingine zijifunze kwao.

Sasa kambini. Askari wetu wako Somalia tangu Machi 2007. Tarehe 26 Mei 2023, katika shambulio la Buulo Mareer, Uganda ilipoteza askari 54. Kila mmoja wa hao alikuwa na jina katika daftari la mishahara, na wengi walikuwa na watoto. Mtoto wa askari aliyekufa hupatwa na misiba miwili: kwanza baba, na kisha nyumba, kwa kuwa makao ya kambini ni ya mwenye kazi. Mama na watoto huondoka, na watoto hugawanywa kwa jamaa kama vyombo. Kiinua mgongo cha marehemu chaweza kuwalipia shule, lakini mara nyingi hukwama katika ugomvi wa wajane na wajomba, wakati hati ya mahakama ya kusimamia mali ya marehemu haijapatikana. Askari anaweza kupunguza taabu hiyo akiwa hai. Aandike warithi wake wote kwa majina kamili, aeleze ni nani atakayelea watoto, na abadilishe maandishi hayo kila anapozaa au anapomchukua mtoto mwingine. Vijana hucheka jambo hili wakidhani ni la wazee. Waliokufa Buulo Mareer hawakuwa wazee.

Uhamisho nao ni jambo la kufikiriwa. Afande huamrishwa kuondoka Jinja kwenda Moroto katikati ya muhula, naye hubeba jamaa yote. Watoto wake wa kuzaa watapona, maana wana baba na mama wa kuwatuliza. Lakini yule uliyemchukua mwaka jana, aliyekwisha kubadilisha shule mara tatu, mwache amalize muhula, au amalize mwaka ikiwa yuko darasa la saba na jina lake limekwisha kuandikishwa kwa mtihani wa UNEB katika shule ile. Yuko jirani katika laini, au mke wa mwenzako wa unipoti ya pili, atakayekubali kukaa naye miezi miwili.

Hata nchi zenye mali zimeona haya. Nchini Marekani, sheria ya elimu ya mwaka 2015 yaagiza kwamba mtoto anayehamishwa kutoka mlezi mmoja hadi mwingine aachwe katika shule yake ya zamani iwapo hilo lina manufaa kwake. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2014, kila halmashauri sharti iwe na afisa ambaye kazi yake ni kufuatilia masomo ya watoto wote wanaolelewa nje ya nyumba zao, ni kama mwalimu mkuu wa shule isiyo na jengo. Na Romania, mjini Bucharest, wataalamu waliwachukua watoto wadogo 136 waliokuwa katika nyumba za mayatima tangu mwanzo wa karne hii, wakawapeleka nusu yao kwa familia za walezi. Baada ya miaka michache, waliokwenda kwa familia walionekana kuwa na akili iliyokua zaidi kuliko waliobaki, hasa wale waliochukuliwa kabla ya kutimiza miaka miwili.

Jambo la Bucharest latuhusu sana sisi wa Jinja, mji ambao mgeni mwenye moyo mwema huona upesi kwamba dawa ya yatima ni kujenga nyumba yenye vitanda arobaini. Mpango wa serikali wa mwaka 2012 juu ya malezi ya watoto wasiokuwa na wazazi uliweka nyumba hizo mwisho kabisa, baada ya jamaa, na baada ya familia ya kujitolea. Fedha ileile ya kuendesha jengo, ikipewa nyanya wa Masese kwa uji, sare na madaftari, humweka mtoto shuleni na nyumbani pia. Hilo ni shauri langu, na wako watakaolipinga.

Kwa ninyi polisi, Kitengo cha Ulinzi wa Mtoto na Familia hupokea mashtaka mengi, na la mtoto wa kulelewa asiyepelekwa shule huhesabiwa kuwa ni ugomvi wa nyumbani, watu waambiwe wakapatane. Mashtaka hayo yaandikwe. Yapelekwe kwa afisa wa ustawi wa jamii wa wilaya, ambaye ndiye mwenye mamlaka ya kuweka mtoto kwa mlezi, na kumtembelea, na kumwondoa akiona mlezi hafai. Afisa huyo ana wilaya nzima na mara nyingi hana pikipiki. Gari la polisi likielekea huko, kiti kimoja hakiwezi kukosekana.

Na askari anayetaka kumchukua mtoto asiye wa ukoo wake, kwa mfano yule wa Namatala alalaye barazani, asimchukue kimyakimya. Aende kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji, kisha kwa afisa huyo wa wilaya, apate maandishi. Bila maandishi, mjomba asiyejulikana aweza kutokea mtoto akiwa darasa la sita na kumwondoa. Aliye na habari za mtoto anayeteswa au aliyeachishwa shule, naye hataki jina lake litajwe, apige simu namba 116. Hailipiwi.