Saa ya Mfanyakazi na Saa ya Mwajiri

Mazungumzo na viongozi wa walei na wasimamizi wa huduma za parokia, Sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi



Ndugu wapendwa, viongozi wa Halmashauri ya Walei, wasimamizi wa shule, zahanati na miradi ya parokia, nanyi nyote mlioajiri watu, hata kama ni kijana mmoja wa kuchunga ng'ombe au binti mmoja wa kazi za nyumbani:

Leo ni tarehe 1 Mei, siku ambayo Baba Mtakatifu Pio XII aliiweka mwaka 1955 kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Kamati ya Haki na Amani imetuomba tuzungumze juu ya jambo linaloonekana dogo. Yupo mfanyakazi hodari, anayetegemewa na wote, lakini kila mara huchelewa kufika kazini. Tumtendeeje?

Pengine mtasema kwamba hilo ni jambo la ofisi, wala halihusu haki na amani. Sisi nasi tulidhani hivyo, mpaka lilipotupata nyumbani mwetu wenyewe. Kwa hiyo, kabla ya kufundisha, inatupasa kuungama.

1. Yaliyotupata

Katika parokia moja tuliyowahi kuitumikia, huko nyanda za juu za kusini, ilikuwapo zahanati ndogo, na ndani yake muuguzi mkunga ambaye kata nzima ilimfahamu. Akina mama walitoka mbali ili wajifungulie mikononi mwake. Zamu ya asubuhi ilianza saa moja na nusu. Yeye alifika saa mbili na robo, pengine saa mbili na nusu. Kitabu cha mahudhurio kilionyesha hivyo juma kwa juma, nasi tulikisoma na kukifunga. Tulijiambia: tukimwudhi akaondoka, tutampata wapi mwingine? Basi tukanyamaza, na ukimya wetu tukauita uvumilivu.

Mwaka uleule, mlinzi wetu wa usiku alichelewa mara tatu katika mwezi mmoja. Zamu yake ilianza saa kumi na mbili jioni, naye akafika saa moja kasorobo. Hatukumwuliza neno. Tuliamua kumkata mshahara wa siku tatu, na ile mara ya tatu tukamwambia asirudi tena.

Siku chache baadaye alikuja ofisini mjumbe mmoja wa Kamati ya Haki na Amani, mama wa umri wa kutuzaa. Alisalimu, akaketi, akasema: "Baba Padre, nimekuja kuuliza tu. Hapa parokiani kuna saa ngapi ukutani? Maana naona ile ya muuguzi na ile ya mlinzi hazifanani."

Tulipoanza kujitetea, alitusikiliza hadi mwisho, kisha akauliza tena: "Na ile ya kulipia mishahara, Baba, hiyo inasemaje?"

Hapo tulikosa la kujibu. Mlinzi yule alikuwa hajalipwa kwa majuma sita. Baiskeli yake ilikuwa imeharibika, wala hakuwa na fedha ya kuitengeneza. Alikuwa akija lindoni kwa miguu. Tulimhukumu kwa kuchelewa dakika 45, ilhali sisi tulikuwa tumechelewa majuma sita. Tena tulimkata siku tatu katika mshahara ambao hata hatujamlipa.

2. Kipimo kimoja kwa wote

Ndugu wapendwa, kosa letu halikuwa kwamba tulimhurumia muuguzi. Kosa letu ni kwamba huruma tuliipima kwa hasara ambayo sisi tungeipata. Yule ambaye kuondoka kwake kungetuumiza, tulimvumilia. Yule ambaye tungeweza kumpata mwingine kesho yake, tulimfukuza. Hiyo si huruma, wala si haki. Ni hesabu ya duka.

Baba Mtakatifu Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, aliwaonya waajiri wasimtendee mfanyakazi kana kwamba ni chombo cha kujipatia faida. Miaka 90 baadaye, mwaka 1981, Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka Laborem Exercens, alifundisha kwamba msingi wa thamani ya kazi si aina ya kazi inayofanyika, bali ni kwamba anayeifanya ni mtu. Hata Baba Mtakatifu Leo XIV, aliyechaguliwa Mei 2025, alieleza kwamba alijichagulia jina hilo hasa kwa kumkumbuka Leo XIII na waraka wake juu ya hali ya wafanyakazi.

Kwa hiyo mkunga anayepokea watoto na mlinzi anayelinda mlango, wote wawili wanastahili kuulizwa kabla ya kuhukumiwa. Na wote wawili wanastahili kuambiwa ukweli wanapokosea. Kumnyamazia mtu kwa sababu tunamhitaji si kumheshimu, ni kumtumia.

3. Yule anayesubiri

Baada ya maneno ya yule mama, tulikifungua tena kitabu cha mahudhurio. Safari hii tulitazama upande wa pili wa ukurasa, penye majina ya waliokuwa zamu ya usiku. Muuguzi wa usiku hawezi kuondoka mpaka apokewe, kwa maana hawezi kuwaacha wagonjwa peke yao. Kama mwenzake huchelewa dakika 45 kwa siku tano za juma, basi katika majuma manne walio zamu ya usiku wamekwisha kutoa saa 15. Sheria ya kazi ya Tanzania inaweka saa 9 kuwa kikomo cha kawaida cha siku, na saa 45 kuwa kikomo cha juma. Maana yake ni kwamba wenzake walikuwa wakifanya karibu siku mbili za kazi kila mwezi bila malipo, ingawa sheria hiyohiyo inadai saa za ziada zilipwe si chini ya mara moja na nusu ya malipo ya kawaida.

Mmoja wao alikuwa na mtoto wa miezi saba nyumbani. Tulipomwuliza kwa nini hakulalamika, alijibu: "Padre, ningemshitaki vipi dada yangu aliyenizalisha mwenyewe? Nilikuwa nikitazama njia tu, maziwa yakinivuja."

Hapo tulitambua kwamba palipo na mtu achelewaye, mara nyingi yupo mwingine asubiriye, naye ndiye asiyesikika. Mwalimu akichelewa, wanafunzi 60 hukaa bila kipindi. Mwenye funguo za ghala akichelewa, vibarua husimama uani na siku yao inapotea. Msimamizi anayemhurumia mchelewaji bila kumkumbuka msubiri amehurumia kwa mfuko wa mtu mwingine.

4. Njia ya kumrekebisha ndugu

Basi tufanyeje? Injili imetupa njia. Katika Mathayo sura ya 18, Bwana wetu anatufundisha kumwendea kwanza ndugu aliyekosa tukiwa sisi na yeye peke yetu. Asiposikia, twende na mmoja au wawili. Akikataa tena, ndipo jambo lipelekwe mbele ya Kanisa. Aibu ya hadharani haiwi hatua ya kwanza.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, pamoja na kanuni zake za utendaji bora za mwaka 2007, zinakwenda karibu na njia hiyohiyo. Mwajiri hana budi kuwa na sababu ya haki, na tena kufuata utaratibu wa haki. Kosa la kawaida huanza kwa mashauri na maonyo. Likifika kwenye kikao cha nidhamu, mfanyakazi huelezwa tuhuma zake kwa lugha anayoielewa, hupewa muda usiopungua saa 48 wa kujiandaa, na anaweza kusindikizwa na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Wala mwajiri haruhusiwi kukata mshahara kwa kujiamulia tu, kama tulivyofanya sisi. Anayeona ameachishwa isivyo haki anaweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Parokia haisimami juu ya sheria hiyo. Ni aibu kubwa Kanisa lihubiri haki altareni na kuivunja ofisini.

Hatua ya kwanza ya yote ni kuuliza. Mnakumbuka mfano wa mwenye shamba la mizabibu. Alitoka alfajiri, akatoka saa tatu, saa sita, saa tisa, na mwisho saa kumi na moja. Wapo wanaoutumia mfano huo kuwatetea wachelewaji. Lakini wale wa saa kumi na moja hawakuchelewa. Hapakuwa na mtu aliyewaajiri. Mwenye shamba alilifahamu hilo kwa sababu aliwauliza kwa nini wamesimama bila kazi. Angewapita akisema "hawa ni wavivu", asingeujua ukweli. Tena tuangalie jambo jingine: jioni ileile, kabla ya usiku kuingia, aliwalipa wote.

Tulimwita muuguzi, tukafunga mlango. Tulimwambia kwanza tunavyoithamini kazi yake, kisha tukamwonyesha kitabu, na hatukupunguza neno. Tukamweleza habari za mwenzake anayesubiri. Ndipo tukamwuliza sababu. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema kwamba baba mkwe wake alipooza upande mmoja, na kila asubuhi ni lazima amwoshe na kumlisha kabla ya kutoka, kwa kuwa watoto wameshakwenda shule. Akamaliza kwa kusema: "Padre, nilidhani mnajua, maana hamkuwahi kuniuliza."

Hatukumwambia, "Basi, endelea tu." Sababu yake ilikuwa nzito, lakini haikuondoa mzigo mabegani mwa wenzake. Tuliwaita wauguzi wote, kwa ridhaa yake, tukapanga zamu upya. Yeye angeanza saa tatu na kutoka jioni, na angechukua zamu za Jumamosi ambazo wengine walizikwepa. Saa walizodaiwa wa usiku tuliwarudishia kwa siku za mapumziko walizozichagua wenyewe. Tuliandika makubaliano, kila mmoja akatia sahihi, na tukaweka miezi mitatu ya majaribio. Tuliandika pia kwamba akichelewa saa hiyo mpya bila taarifa, ataonywa kama mtu mwingine yeyote.

Je, hakuchelewa tena? Alichelewa. Katika miezi ile mitatu alichelewa mara nne. Mara mbili alituma mtoto na taarifa. Mara mbili hakutuma, akapewa onyo la mdomo, na baadaye onyo la maandishi. Aliudhika, lakini hakuondoka. Tulikuwa tumemwogopa bure.

5. Saa yetu wenyewe

Kwa mlinzi, tulikwenda nyumbani kwake sisi wenyewe pamoja na mweka hazina. Tulimlipa majuma yote tuliyodaiwa, pamoja na siku tatu tulizomkata, tukamwomba radhi mbele ya mkewe, na kumwomba arudi. Alizihesabu fedha polepole, akampa mkewe, kisha akauliza kama tochi ya lindo imekwisha kununuliwa betri. Ilikuwa haijanunuliwa. Jioni ile alifika lindoni saa kumi na moja na nusu, na betri tulikuwa tumezinunua.

Tangu hapo tulijiwekea desturi: kabla ya kufungua kitabu cha mahudhurio ya wafanyakazi, tunafungua kwanza kitabu cha mishahara na kuangalia kama sisi tumefika kwa wakati. Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, inaagiza kwamba maskini alipwe ujira wake siku hiyohiyo kabla jua halijatua, kwa kuwa anautegemea. Na tuseme kweli, hata Misa iliyotangazwa kuwa ya saa moja, mara ngapi sisi mapadre tumeianza saa mbili kasorobo, huku wazee wakisubiri kwenye mabenchi?

Wapendwa, kufika kwa wakati ni namna ya kumheshimu anayetusubiri. Tunayo haki ya kuudai wakati huo kwa wafanyakazi wetu, na tuudai bila woga hata kwa aliye stadi kuliko wote. Lakini tuudai kwa kipimo kimoja, baada ya kuuliza, na baada ya kulipa deni letu.

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee.

Maswali ya kutafakari katika Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Katika kazi tunazozisimamia, ni nani tunayemnyamazia kwa sababu tunamhitaji, na ni nani tunayemwadhibu upesi kwa sababu hana mtetezi?

2. Mmoja wetu anapochelewa, ni nani anayesubiri? Je, tumewahi kumsikiliza?

3. Je, wanaotufanyia kazi nyumbani na mashambani wanalipwa kwa siku tuliyopatana nao? Kama sivyo, tutawalipa lini?